Fundi Marcellin na Radi ya Lualaba

Katika Kasongo yote, bunduki iliyovaa vizuri kuliko askari ilikuwa moja tu: ile ya fundi Marcellin!

Marcellin ni mshonaji. Suruali zake zinajulikana hadi Nyangwe, na maneno yake yamefika mbali kuliko suruali. Siku moja, mguu ukiwa juu ya cherehani, alitangaza kwamba atatengeneza gobore kwa mikono yake mwenyewe: ile bunduki ndefu ya mababu, inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Si ya kuwinda. Ya kupendwa tu, kama wengine wanavyofuga njiwa.

"Wewe sindano ikikuchoma unalia," alisema mkewe, Émérance. "Bunduki utaiweza?"

"Mama Estelle, chuma ni kitambaa kigumu tu!"

Akaanza. Kitako alikichonga kwa mninga, akakipima begani mwake kwa futi ya kushonea kama anayejikatia koti, akakisugua kwa mawese mpaka nzi wakawa wanateleza. Mtutu ulitoka kwenye bomba la lori lililofia kwenye njia ya Lusangi. Aliupiga tupa misimu miwili, akiuchungulia kama daktari anayetazama koo la mgonjwa. Ubavuni akapachika vifungo. Ndiyo, vifungo! Vya shaba, mstari mmoja, nafasi sawa.

Ilipokwisha ilikuwa ndefu kumpita mwenyewe. Akaiita Radi ya Lualaba.

Basi binti yake Estelle akaposwa na Fabrice wa kule Wamaza. Mbele ya wakwe, Marcellin alipiga kifua: "Mutoto wangu hatatoka hapa mpaka Radi ilie! Isipolia, anabaki!"

Wakwe wakaliweka neno hilo moyoni. Kwani neno la baba wa bibi harusi si mate, ukilitema halikauki.

Siku ya harusi ikafika, na pikipiki za Wamaza zikafika nayo, kumpeleka bibi harusi kwa Fabrice. Upande wa Kabambare mawingu yalikuwa yanakusanyika, na barabara ile ikinyeshewa hugeuka uji. Estelle alisimama mlangoni chini ya kitenge, jasho likimtiririka.

Marcellin alitoka amevaa koti, pembe ya baruti ikining'inia shingoni.

"Muangalie! Risasi haiingii uchi. Inavalishwa!" Akatoa kipande cha pamba nyeupe, kimepigwa pindo pande zote. Akaifunga risasi kama mtoto mchanga, akaisukuma kwa ufito mpaka chini, polepole, huku akiimba.

"Hata tarizi iko?" aliuliza Mama Subira, shangazi wa bwana harusi.

"Kona moja tu," alijibu Marcellin kwa unyenyekevu.

Akaielekeza Radi mbinguni. Wanawake wakaziba masikio. Mbuzi wakakata kamba. Jogoo wa jirani akaacha wimbo katikati.

Cha!

Cheche moja. Halafu kimya.

"Inasafisha koo," alisema Marcellin. Cha! "Iko na haya, watu ni wengi." Cha! Hata kikohozi hakuna.

Mama Subira alitazama mawingu. "Mukwe, wewe mwenyewe ulisema: isipolia, anabaki. Sisi watu wa Wamaza hatuvunjake neno ya mutu ndani ya lupango yake, kwake nyumbani. Tutabaki wote. Sufuria iko wapi?"

Émérance alihesabu vichwa vya wageni, akashika chake.

"Baba," Estelle alinong'ona, "sema tu ulikuwa unatania."

"Mwanangu, neno limeshatoka." Akaiegemeza bunduki ukutani, macho yamelowa. Na kwa siri, kwa mara ya kwanza, alitamani Radi ibaki bubu, ili msichana huyu abaki naye mpaka masika yapite.

Lakini Estelle alikuwa na safari. Alimtazama Pitchou, dereva wa pikipiki ambaye bomba lake la moshi lilichukuliwa na mto zamani, akainua kidevu kidogo. Pitchou akaelewa. Akapiga kiki.

TUUUH!

Moshi ukapanda, vigelegele vikaupokea. "Radi imelia! Radi imelia!" Kabla mtu hajauliza mlio umetoka upande gani, Estelle alikuwa ameshakaa nyuma ya Pitchou, kitenge kinapepea.

Marcellin naye hakuuliza. Aliirukia bunduki pale ukutani, akaiinua juu. "Mumesikia? Si niliwaambia!"

Mama Subira akamsogelea kumuaga. Macho yake yakatua kwenye ile pembe shingoni. Akaigonga kwa kidole, akachomoa kizibo, akachungulia. Baruti ilikuwa imejaa pomoni, haijapungua hata punje.

"Mukwe," alisema kwa upole, "umeivalisha vizuri sana. Vifungo, pindo, mpaka tarizi. Sasa siku ingine uikumbuke na chakula."

Émérance alicheka mpaka akakaa chini.

Radi ya Lualaba ingali inaning'inia juu ya cherehani. Risasi ile imekwama ndani mpaka leo, haitaki kutoka. Na kwa pindo lile, baridi haiisikii kabisa.