Lazaro wa Ghorofa ya Thelathini na Moja

Jumatatu, 6 Oktoba

Mungu si Athumani! Mzee wa Kiingereza aliyehamia ghorofa ya thelathini na moja, hapa Dubai Marina ninapolinda mlango, ni mwigizaji! Anaitwa Jeremy. Miaka arobaini na sita jukwaani na kwenye filamu. Leo nimemfungulia mlango mara nne, mbili kati ya hizo hakuwa anatoka.

Amekuja wakati wake. Binti yangu Daisy, gredi ya nne kule Vihiga, ametangaza darasani kwamba baba yake ni mwigizaji Dubai. Nani alimwambia? Mimi. Sasa mwalimu anataka video kufikia Jumatatu ijayo. Nisipotuma, mtoto wangu ataitwa mwongo mbele ya wenzake. Si uongo mtupu lakini. Sekondari niliigiza mlango, na watu walisema mlango ule ulikuwa na uhai.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemwita Sir. Akasema kwao hajapewa cheo hicho. Nikamwambia Dubai tunakitoa palepale mlangoni. Akacheka sana, akaniandikia orodha ya filamu zake.

Jioni tumezitazama chumbani kwetu International City, sote sita tunaolala humo. Kapigwa risasi. Kalishwa sumu. Kaangukiwa na kengele ya kanisa. Hakuna hata moja aliyofika mwisho akiwa hai! Nick, wa kitanda cha juu, alilia kabisa kwa ile ya kengele.

Nimepata wazo. Ijumaa ushirika wetu wa Wakenya na Waganda una mchezo wa Lazaro. Sir afe, sawa, ndiyo kazi yake. Lakini afufuke! Na atakayemfufua mbele ya kamera ni mimi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amekubali! Akasema kufa ameitwa sana, kuamka hajawahi kuitwa. Iliniuma. Namshukuru Mungu kwa mzee huyu.

Kikwazo ni Matia, Mganda tunayelinda naye mlango mmoja. Nafasi ya Yesu alishapewa yeye. Nimemweleza kwa upole kwamba Yesu hakuwa na kitambi. Akanijibu kwamba hakuwa mwongo pia. Harriet, msimamizi wa mchezo, kaamua: aliyemleta Lazaro ndiye amfufue. Matia atakuwa mtume asiyesema kitu. Khalas, yamekwisha!

Kaburi ni boksi la friji. Sharti langu moja tu: Sir aingie kaburini kabla ya ibada, asionekane na mtu. Siri ndiyo utamu wenyewe.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ee Mola wangu.

Saa tatu asubuhi Sir aliingia kaburini na mto wake. Nilichosahau ni ibada yetu yenyewe. Wageni wakasimama mmoja mmoja kuleta salamu za makanisa ya nyumbani. Kwaya zikaimba, zote tatu. Zikaja shuhuda. Harriet alinikonyeza nikae chini, lakini moyo ulikuwa umejaa, ningenyamazaje? Nikashukuru kwa viza, kwa kazi, kwa lifti isiyoharibika, kwa rafiki niliyepewa uzeeni mwake. Dakika arobaini. Mchezo ulianza saa sita.

"Lazaro, njoo huku nje!" nikanguruma.

Hakutoka mtu. Nikaita tena. Kaburi likakoroma. Nikaita mara ya tatu, na mama mmoja nyuma akaanza kuniombea niongezewe imani. Na Nick anarekodi yote! Nilimwona Daisy wangu mbele ya darasa, ameinamisha kichwa.

Ndipo Matia, mtume asiyesema kitu, akainama, akatumia ile sauti yetu ya mlangoni: "Sir, teksi yako imefika."

Akafufuka papo hapo! Boksi likapasuka, vigelegele vikapaa, Matia akabebwa juujuu.

Sir alisimama na sanda yake, machozi yanamtoka. Alisema kwa kawaida anakufa mapema, watu wakipiga makofi yeye yuko kwenye treni anarudi nyumbani. Leo ameziona nyuso zao. Akanishukuru mimi. Mimi! Nikalia naye.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilituma video ileile, sikuwa na nyingine. Asubuhi yote nimelinda simu kuliko mlango.

Mchana Daisy amepiga. Darasa limecheka hadi mwalimu akakaa chini. Hakuna aliyemwita mwongo. Akasema, "Baba, hukuigiza vizuri, lakini uliigiza." Nimejifungia chooni nikamshukuru Mungu, nikamshukuru Sir, na Matia pia, kidogo.

Nimeapa sitamdanganya mtoto tena. Basi akauliza mchezo ujao ni upi. Nikamwambia Bahari ya Shamu, baba yake ndiye Musa, na maji ni ya kweli. Funguo za bwawa la kuogelea la jengo ninazo. Sir atakuwa Farao, na jioni hii amekubali kwa furaha. Matia haambiwi kitu. Nimepanga kila jambo: Sir aingie majini mapema, kabla ya ibada, asionekane na mtu.