Sikio Linalopiga Kelele Bure

Jumatatu, 3 Machi

Siku nne zimebaki. Sikio limeharibika!

Niandike kwa utaratibu, ili watakaoandika historia yangu wasipate taabu. Sikio ni kifaa changu. Nimelitengeneza kwa miaka kumi na mmoja katika taasisi hii ya utafiti. Lina kichwa cha chuma kama bakuli lililofudikizwa, sanduku la betri, na karatasi ndefu inayojichora mstari. Unaliweka chini, unasubiri. Kama kuna bomba linalovuja ardhini, linapiga king'ora na mstari unapanda. Nusu ya maji ya mji huu yanapotelea ardhini kabla ya kumfikia mtu. Kwetu, ghorofa ya tatu, bomba halijatoa tone mwaka wa pili huu. Mama mkwe anapandisha ndoo ngazi hamsini na nne. Anazihesabu kwa sauti, hasa nikiwepo.

Ijumaa kamati inakuja. Kati ya maabara zetu itabakiza moja tu, na tunaigombea wawili: mimi na jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Tofali, anayetengeneza matofali ya majivu yasiyopitisha maji. Atakayeshindwa anapelekwa bohari kuorodhesha viti vibovu. Nimewahi kuiona bohari. Haina dirisha.

Na leo, basi. Nimeliweka Sikio koridoni mbele ya mlango wangu, mahali pakavu kabisa, kulijaribu tu. Limepiga king'ora mpaka karani wa mapokezi amekimbilia nje akidhani ni moto. Nimetazama mchoro wa jengo. Pale hapana bomba. Mchoro una mihuri mitatu! Fundi bomba wa taasisi alikuwa anapita na spana yake, akasema labda linasikia kitu. Nikacheka. Akasema, "Mimi nasema tu, Injinia." Hajawahi hata kuuona mchoro.

Jumanne, 4 Machi

Adui amepatikana. Mashine ya Bi Tofali ya kukorogea! Inatikisa ukuta wetu wa pamoja kutwa nzima. Ndiyo inayolitia Sikio kiwewe. Huyu mama ananichimba, na kila asubuhi ananisalimu meno nje. Leo amenikaribisha hata chai. Nimeikataa. Kisha nimeinywa, asije akashtuka kwamba nimemgundua.

Nimemwandikia Mkurugenzi barua isiyo na jina. Kwamba mtumishi mmoja mwenye uchungu na taasisi anaomba mashine hiyo izimwe kwa usalama wa wote. Nimeandika kwa mkono wa kushoto ili hati isijulikane. Saa nzima! Nimeisukuma chini ya mlango wake nikaondoka kwa kunyata.

Saa nane ameniita. Ameniuliza mkono wa kulia umepatwa na nini. Nilikuwa nimeweka sahihi. Mazoea! Jina, cheo na muhuri wa maabara.

Bi Tofali naye ameitwa. Amesema kama shida ni mashine tu, yeye hana neno, ataizima. Ameizima. Hata hakuninunia. Mtu wa namna hiyo ni wa kuogopwa. Nikaliweka Sikio chini katika ukimya ule. Limelia kuliko jana. Fundi bomba aligeuza ndoo yake akaikalia, akasikiliza mpaka mwisho kama amefunguliwa redio.

Jumatano, 5 Machi

Nimelibeba Sikio mpaka nyumbani ili nilijaribu mbali na maadui. Nimeliweka juu ya bomba la jikoni. La bafuni. La ngazini. Kimya. Basi ndiyo mwisho: kazini linapayuka, nyumbani bubu. Nimekaa jikoni nikashika kichwa.

Mama mkwe akaniuliza, mkwe wangu una nini, umefiwa? Nikamweleza. Akasema haoni ajabu iko wapi. Huku hamna maji, halisemi. Huko linasema, basi huko kuna maji. Akachukua ndoo zake akashuka. Moja, mbili, tatu.

Miaka kumi na mmoja ya utafiti, halafu unafundishwa kazi na mtu aliyeshika ndoo! Mke wangu akasema mama ana hoja. Nikamwambia sayansi haiendi kwa hoja za jikoni. Akaenda kumsaidia mama yake ndoo.

Niseme hapa, maana hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Nikiipoteza maabara sina mbele wala nyuma. Sijui kazi nyingine. Ujana wangu wote umo katika lile sanduku la betri, na sasa linaniumbua.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango!

Hatua ya kwanza. Nimefungua kichwa cha Sikio, nikajaza sifongo mbili za kuoshea vyombo, nikakaza skrubu. Nikaliweka pale pale koridoni. Kimya kitamu! Dosari moja tu: sasa halisikii kitu chochote. Nimelilaza kwenye sinki bomba likiwa wazi kabisa, halikutikisika.

Kwa hiyo hatua ya pili. Nimeshona swichi ya kengele ya mlangoni ndani ya kiatu cha kulia, chini ya kidole gumba. Waya unapanda ndani ya suruali, unazunguka kiuno, unaingia kwenye sanduku. Nikikanyaga kwa nguvu, king'ora.

Hatua ya tatu. Nimezika mpira wa maji wenye matundu kwenye bustani ya nyuma na kuufungulia kidogo. Kesho nawapeleka pale, nakanyaga, Sikio linalia, tunachimba, maji! Kifaa kinachonyamaza pakavu na kulia penye maji. Si ndicho nilichokitafuta miaka yote hii? Nimefika.

Fundi bomba alinikuta nikifukia. Hakuuliza. Alikuwa na karatasi yake mkononi: ukuta wa korido umeanza kutoa unyevu, anataka kupasua sakafu mbele ya mlango wangu leo leo, anahitaji sahihi yangu. Kupasua sakafu! Siku moja kabla ya kamati! Nikakataa kata kata. Akasema sawa, Injinia, lakini niandike kwamba nimekataa. Nikaandika. Nikapiga na muhuri.

Nyumbani mama mkwe anatafuta sifongo zake. Nimejifanya hamnazo.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Unga umemwagika.

Walikuja watano, wakiongozwa na mwenyekiti, mzee mnene wa suti ya kijivu asiyependa maneno mengi. Walianza kwa Bi Tofali. Dakika arobaini! Niliwasikia wakicheka. Mimi nilikuwa koridoni natembea kwa kisigino, nisije nikakanyaga swichi kabla ya wakati. Mkurugenzi akaniuliza kama nina jipu.

Nia yangu ilikuwa kuwapeleka bustanini moja kwa moja. Lakini mwenyekiti akasimama mbele ya mlango wangu, akasema tuanzie hapa hapa. Sawa. Nikaliweka Sikio chini. Kimya. Kichwa kikanivimba. Nikasema, waheshimiwa, kama mnavyosikia, hapa ni pakavu, mkichimba mpaka mwakani hampati tone. Fundi bomba alikuwa nyuma yao. Akafumba macho.

Mwenyekiti akapiga hatua moja kuja kukitazama kifaa. Sakafu ikasema kwach! Mguu wake ukazama mpaka gotini.

Maji! Yalikuwa yamekula udongo wote wa chini, sijui tangu lini. Yalitoka kwa fujo, yakajaa korido, yakaingia viatuni. Yakaingia kwenye kiatu changu cha kulia. Hapo ndipo Sikio lilipoanza kulia. Nikainua mguu, linalia. Nikautikisa, linalia. Mwenyekiti, mguu mmoja ungali shimoni, akaniuliza kwa upole kama ndiyo kwanza limesikia. Karani wa mapokezi akanyoosha kidole kwenye waya uliokuwa ukining'inia kutoka kwenye suruali yangu.

Bi Tofali alibeba matofali yake ya maonyesho akayapanga kwenye mlango wa maabara yangu, safu tatu, ili maji yasiingie kwenye karatasi zangu. Halikupita tone. Kamati nzima ikapiga makofi ikiwa imesimama majini. Ameokoa karatasi zangu na kunizika kwa wakati mmoja, na nikamwambia asante.

Jumamosi, 8 Machi

Taasisi ilifunguliwa kwa ajili yangu tu. Mkurugenzi, mwenyekiti mwenye bendeji mguuni, na fundi bomba. Mezani, karatasi ya Sikio ya Jumatatu na Jumanne. Fundi aliitoa kwenye pipa langu la taka akainyoosha. Siku zote mbili mstari umepanda mahali pamoja, nilipoandika mwenyewe pembeni: hatua saba kutoka mapokezi. Pale pale mguu ulipozama. Kando yake, sifongo mbili za mama mkwe, zilizotolewa ndani ya Sikio.

Mwenyekiti hakugomba. Laiti angegomba! Alisema habari ya mguu imepita, na habari ya kiatu changu pia yuko tayari kuisahau. Anataka kujua jambo moja. Kifaa hiki kinafanya kazi au hakifanyi? Kwa sababu kama kinafanya, mji huu unakihitaji, na mimi atanitafutia mahali.

Nikisema linafanya kazi, basi mtu mzima mwenye diploma mbili ameambiwa ukweli siku tatu mfululizo, na kifaa chake, na fundi bomba, na mama mkwe wake, akaziba kwa sifongo. Nikisema halifanyi, mimi ni mtafiti tu aliyekosa bahati. Watafiti wangapi wamekosa bahati! Neno la kweli lilikuwa limefika mdomoni. Fundi bomba alinikodolea macho kama anayemsukuma mtu: sema, Injinia, sema.

Nikasema halifanyi kazi. Nikasema mstari ule umetokea kwa bahati.

Mkurugenzi akanipa kalamu niyaandike hayo. Nikayaandika, nikatia sahihi. Fundi bomba akauliza kama anaweza kukichukua, kwa kuwa ni kibovu na hakina mwenyewe. Wakamruhusu. Akakibeba kwa mikono miwili, kwa uangalifu, kama anavyobebwa mtoto aliyelala.

Nikaenda msalani nikalia. Nililia kweli. Na kwa kuwa bomba kuu limefungwa mpaka sakafu itengenezwe, hapakuwa na maji ya kunawa uso. Nikatoka hivyo hivyo.

Jumapili, 16 Machi

Wiki nzima bohari. Viti vibovu mia mbili na kumi na vitatu, na bado sijafika ukuta wa pili.

Jumatano fundi bomba alipita mtaani kwetu na mafundi wa idara ya maji. Alikuwa na Sikio, bila sifongo. Likalia mara tatu. Wakachimba mara tatu. Wakakuta mara tatu. Leo asubuhi bomba la jikoni limekohoa, likatema kutu, kisha maji. Ghorofa ya tatu! Jengo zima lilikuwa likishangilia. Mama mkwe alisimama mkono ukiwa ndani ya maji muda mrefu. Kisha akamwombea fundi bomba maisha marefu.

Mke wangu anasema fundi alikuja jana nikiwa nimelala. Anataka nikamwonyeshe jinsi ya kutengeneza Sikio la pili. Mwenyekiti amekubali. Chumba cha kazi kipo, chenye madirisha mawili, na jina langu litaandikwa la kwanza. Kilichobaki ni mimi kuifuta kauli yangu ya Jumamosi ile. Mke wangu ameniuliza, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi, amjibu nini.

Mtego! Nimeushtukia papo hapo. Nikiifuta kauli, nitakuwa nimekiri. Mimi nitakufa na tai yangu shingoni. Nimeshaandika na kutia sahihi kwamba kifaa hakifanyi kazi, kwa hiyo hakifanyi kazi. Nimemwambia amjibu fundi kwamba nina shughuli. Na kweli ninayo. Nimeanza ripoti, sura kumi na mbili, itakayothibitisha kwa hesabu kwamba Sikio haliwezi kabisa kusikia maji. Nani anajua udhaifu wake kunizidi mimi? Kamati ikiisoma itashika vichwa. Itanipa maabara kwa ripoti hii peke yake!

Tatizo ni kelele. Maji yanatiririka jikoni, yanatiririka bafuni, juu wanafua, chini wanafua. Mtu atapigaje hesabu? Nimeshuka ngazini nikafunga koki kuu ya jengo.

Kimya kitamu. Sura ya kwanza imekwisha. Mama mkwe anaita kutoka bafuni. Amejipaka sabuni mwili mzima, anasema maji yamekatika tena, anauliza kulikoni. Nimemjibu kupitia mlangoni kwamba mimi nilisema tangu mwanzo: kile kifaa hakifanyi kazi.