Steji ya Mama Laban

Jumamosi, 7 Machi 2015

Laban ni dereva hapa Jeddah! Mwanangu! Kafili wake, bosi aliyemleta huku, amempa gari jeusi, refu, na kiti chake kinajipasha moto chenyewe. Na joto hili! Lakini nani mwingine kwetu Luanda nzima amezaa mtoto wa kiti cha moto? Haya, shajara, hujambo.

Nilipokuja kazi ya nyumba huku nilimwacha sauti bado inavunjika. Sasa madam amenipa Ijumaa nzima nikamwone kule bandarini anakokaa. Shida ni basi. Linapita getini kwetu mbio kama limeiba. Celestine, yaya wa barabara ya nyuma, akasema mafi mogif, hakuna steji mtaa huu wa Al-Rawdah, matajiri wana magari yao, kwani steji itakuwa ya nani, ya Mama Laban? Akacheka hadi akashika ukuta.

Sawa. Itakuwa ya Mama Laban.

Jumatatu, 9 Machi

Nimesimama njiani nikipunga leso. Dereva wa basi naye akanipungia. Ana adabu sana! Hakusimama. Hezron, askari wa geti letu, akauliza kama nimekuja kuanika nguo.

Nimefikiri nikiosha sufuria. Kwetu steji ililetwa na nani? Serikali? Wapi! Tuta liliwekwa mbele ya posho mill, matatu zikapunguza mwendo, mama wa ndizi akakaa, abiria wakaja. Steji huzaliwa na tuta. Waarabu hawajaambiwa tu.

Jumatano, 11 Machi

Nimemwambia baba, mume wa madam, kwamba magari yatakuja kugonga watoto. Akaitikia. Kumbe kwao tuta ni matab! Neno letu hilo, wamelikunja tu mdomoni. Baba akasema yalla, haya basi, saruji ya ukuta imebaki, akaita mafundi.

Nimesimamia mwenyewe. Wakitaka kuacha, nawaambia ongezeni. Jioni limelala barabarani kama ng'ombe aliyeshiba. Hezron akasema hilo si tuta, ni kilima, gari halitavuka. Nikamwambia aliyezoea kukaa kitini hawezi kujua mambo ya barabara.

Ijumaa, 13 Machi

Buibui mpya. Chapati kwenye kopo. Basi likatokea! Likapunguza! Nikainua mguu.

Likalitazama tuta. Likarudi nyuma. Likakata kona kuingia barabara ya nyuma, na pale konani likamchukua Celestine! Amenipungia dirishani kama bibi harusi. Eti asante, Mama Laban, kwa steji.

Nikampigia Laban, nikalia. Akasema nitulie, bosi amemtuma Rawdah, atapitia kwetu. Uwi! Nikasahau kumwonya. Nilisikia kwanza mlio: kraa! Gari jeusi likakaa juu ya tuta, magurudumu ya mbele huku, ya nyuma kule. Ekzosi chini.

Nilipofika mbio, mwanangu alikuwa ameshaingia chini ya gari, akabaki huko alasiri yote. Nimeona miguu yake tu. Ni mizuri, ya babake. Nilimpitishia chapati kule chini. Sauti ikasema tamu, Mama. Nzito, ya mwanaume kabisa! Kisha gari la kuvuta likawachukua wote wawili, Laban na gari lake, yeye akiwa amekaa mbele, amenipa kisogo.

Uso sijauona.

Jumamosi, 14 Machi

Halas, imekwisha. Baba ameamuru tuta livunjwe. Hezron ameshika nyundo huku anaimba. Basi limerudi kwetu, mbio kama zamani. Laban amenyang'anywa gari, sasa anaosha ua wa bosi. Lakini Ijumaa anayo ya mapumziko, na anasema atakuja kwa basi. Basi gani, maskini?

Nimeona kosa langu. Tuta lilikuwa moja! Basi likapata pa kukimbilia. Dawa ni matuta mawili, letu na la kwa Celestine, basi likwame katikati, lisimame litake lisitake. Mapande yote ya saruji nimeyaficha nyuma ya tangi la maji. Baba asijue.

Nimeshaalika watu kwenye ufunguzi: Laban, rafiki yangu Mirriam wa bandarini, hata Celestine aje aone. Hezron atabeba viti. Wote wafike Ijumaa, tarehe ishirini Machi. Waje kwa basi.