Nitamshinda Jacqueline kwa Utulivu

Jumatatu, 2 Desemba

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama, hata padre kwenye kitubio: moyoni mwangu hamna amani. Hata chembe! Watu wa hapa Lituhi wakiniona nimenyamaza wanasema, "Glorious mtoto mtulivu, maji ya mtungini." Si utulivu. Ni aibu. Mdomo umefungwa, lakini ndani ni mnada, tena ng'ombe wamekata kamba.

Nisingejali. Ila jana baada ya Misa Sista Asteria alitangaza kwamba chekechea ya parokia inahitaji msichana wa kumsaidia kuanzia Januari. Kuimbisha, kukoroga uji, kufuta kamasi. Kazi hii naitaka kuliko kitu chochote! Watoto wadogo ndio watu pekee ninaoweza kuongea nao bila kutazama vidole vyangu vya miguu. Nikiikosa, Mama amesema nitasubiri matokeo ya kidato cha nne kule Kingerikiti kwa mjomba Bartholomayo. Mjomba ana kahawa, mahindi na hotuba.

Sista amesema hatazami cheti. Anatafuta msichana mwenye amani ya moyo, anayejichunguza mwenyewe kabla ya kuwachunguza wenzake. Atamtaja Jumapili ijayo. Kanisa zima likageuka kumtazama Jacqueline.

Jacqueline ni jirani yetu, tumemaliza shule pamoja. Mwezi uliopita alikwenda Mbinga kwenye mafungo ya vijana, akarudi na amani ya moyo na fulana. Siku hizi anatembea kama aliyebeba mayai. Ukimsalimia anafumba macho kwanza, ndipo anajibu.

Nimeamua. Nitaitafuta amani ya moyo, na nitaipata kabla ya Jumapili. Na itakuwa kubwa kuliko yake.

Jumanne, 3 Desemba

Nimeanza na tafakari. Jacqueline aliwaeleza wanakwaya kwamba kule mafungoni walikaa, wakafumba macho, wakajitazama ndani. Rahisi! Tena Mama alikuwa amenipa kulinda usipa, dagaa wetu wa ziwani, ulioanikwa kwenye chanja ufukweni, kazi ya kukaa tu. Nikakaa. Nikafumba macho. Nikatazama ndani.

Ndani nilimkuta Jacqueline. Nikamfukuza. Akarudi, amevaa fulana.

Nikavumilia. Nikavuta pumzi, nikaishusha. Mara nikasikia mbawa. Moyo ukaruka. Nikajiambia, ndiyo hiyo, amani inatua!

Walikuwa kunguru. Na bata wa Mzee Mansuetus. Na mbuzi mmoja ambaye hata usipa hali, yeye alipanda chanja kupumzika tu. Nilipofumbua macho chanja ilikuwa tupu upande mmoja, na upande wa pili ilikuwa na mbuzi.

Mama alifika. Akauliza nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa ndani. Akauliza ndani ya nini. Amesema kuanzia leo nijitazame ndani huku nimefumbua macho, na fimbo iwe mkononi. Kisha akataja Kingerikiti, polepole, silabi moja moja.

Jumatano, 4 Desemba

Mpango mpya: kimya. Jacqueline alinyamaza siku nzima kule Mbinga, na wanaomfahamu bado wanashangaa. Nami nitanyamaza. Watu watauliza kulikoni. Sitajibu. Watajiuliza. Habari itamfikia Sista.

Nilianza kabla jua halijachomoza. Kikwazo cha kwanza: Mzee Mansuetus njiani. Mkubwa usipompa shikamoo, hilo si kimya tena, ni utovu wa adabu, na Mama angejua kabla sijafika nyumbani. Nikapiga goti, nikachezesha midomo bila sauti. Akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu, hujambo?" na kupita zake. Kumbe siku zote ndivyo anavyonisikia!

Bombani hakuna aliyeniuliza kitu. Wakati wa ugali, hakuna. Jioni Mama aliuliza mwiko uko wapi. Nikaonyesha kwa kidole. Akauchukua. Basi.

Siku nzima! Hakuna aliyegundua! Nilishindwa kujizuia. Nikatoka uani nikapaza sauti kwamba mimi nimenyamaza tangu asubuhi, kama kuna asiyejua! Ng'ambo ya uzio Jacqueline alifumba macho, akasema kwa upole ule wake, "Hongera, dada. Sasa endelea, maana tunasali rozari."

Ijumaa, 6 Desemba

Jana sikuandika. Nilikuwa na hasira, na niliogopa nikijitazama ndani nitaikuta.

Leo nimepata akili. Kosa langu ni kutafuta amani mahali ambapo Sista haoni. Amani isiyoonwa na mtu ni ya nani? Kila asubuhi Sista anapita njia ya ufukweni kwenda kanisani, na pembeni ya njia hiyo kuna jiwe kubwa, bapa juu, nusu liko majini. Nikakae pale nikitafakari. Apite. Anione.

Nilikaa. Nikanyoosha mgongo. Akatokea.

Nikajificha nyuma ya jiwe.

Miguu ndiyo iliamua, si mimi! Nilichutama majini huku Sista anapita akiimba, na wimbi likanipiga, na lingine. Nilipofika nyumbani Mama aliuliza kwa nini nimelowa. Nikasema nilikuwa natafakari. Akasema masufuria nayo yanahitaji kutafakariwa, yapo pale, na majivu yapo pale.

Nikiwa nasugua nikasikia wapita njia wakisema Jacqueline ameketi ngazi za kanisa tangu alfajiri, macho yamefumbwa, mpaka kuku wanampita pembeni kwa heshima. Kuku!

Imebaki siku moja.

Jumamosi, 7 Desemba

Niandike kwa utaratibu.

Nilirudi jiweni kukiwa bado na kiza. Nilikuwa na dawa ya aibu: kitenge. Nikajifunika gubigubi, kichwa mpaka miguu. Sista ataniona, mimi sitamwona, kwa hiyo miguu haitakuwa na habari ya kukimbia.

Nikajitazama ndani. Alikuwepo Jacqueline. Alikuwepo mbuzi. Mjomba Bartholomayo alikuwa anaanza hotuba. Jua likapanda, kitenge kikawa na joto zuri, mawimbi yakawa yanafanya shwaa, shwaa. Halafu hapakuwa na mtu yeyote ndani. Kimya kabisa.

Nililala. Nimeandika. Nililala fofofo.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Nkungu walikuja! Hawa ni wadudu wadogo wa ziwani, ukiwaona kwa mbali utadhani moshi umesimama juu ya maji. Hawaumi. Lakini upepo ukiwasukuma pwani wanaingia puani, machoni, masikioni, kila mahali. Na hakuna anayewakimbia, kwa sababu nkungu wakipondwa na kukaangwa ni kitoweo. Lituhi yote ilimwagika ufukweni na nyungo na sufuria zilizopakwa mafuta, watu wanapunga hewa, wanakohoa, wanapiga vigelegele.

Jacqueline naye alikuwa ameketi ufukweni akitafakari. Alikuwa ndiyo anavuta ile pumzi ndefu ya amani. Akawavuta na nkungu. Wanasema alipiga yowe lililosikika mpaka kijiji cha Mbaha, akakimbia amefumba macho, akamkumba Mzee Mansuetus pamoja na ungo wake, wakaenda chini wote watatu.

Mimi jiweni, kimya. Nkungu wakatua kwenye kitenge changu mpaka nikawa mweusi kama jiwe lenyewe. Sikutikisika.

Nilizinduka kwa sababu kelele zilikoma. Nikafunua uso. Mbele yangu watu, nyungo mikononi. Mbele ya watu, Sista Asteria. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama kweli sikusikia kitu chochote. Nikajibu ukweli mtupu, "Hapana, Sista."

Akawageukia watu. Akasema, "Mmeona? Huyu amefika ndani."

Mama ndiye wa kwanza kunigusa. Si kwa heshima. Alikuwa anakung'uta nkungu wa kwenye kitenge kuwaingiza kwenye sufuria, akaninong'oneza nisitikisike bado, mgongoni wapo wengi. Halafu akanitazama shavu langu la kulia, ambalo lilikuwa na mikunjo ya kitenge. Akanitazama sana. Akaendelea kukung'uta.

Jioni tumekula nkungu. Watamu mno.

Jumapili, 8 Desemba

Nimetajwa! Mimi! Chekechea! Watu walipiga makofi nami nikatazama vidole vyangu vya miguu, wakasema tazameni utulivu huo.

Nilitaka kusema ukweli. Kabisa. Baada ya Misa nilimfuata Sista nyuma ya sakristia, nikafungua mdomo. Midomo ilicheza. Sauti haikutoka. Sista akanishika bega akasema, "Najua, mwanangu. Amani haina maneno."

Sasa mtu kama huyo unamfanyaje?

Jumatatu, 9 Desemba

Jacqueline amekuja. Bila fulana. Macho wazi.

Alisimama uani akichora mchanga kwa kidole cha mguu, nilidhani najiona mimi. Akasema kule Mbinga, kila alipojitazama ndani, alikuta kelele tupu. Na kila mara alimkuta mtu yuleyule. Nikamuuliza nani. Akasema, "Wewe, dada! Umekaa tu, umenyamaza, unanishinda Kiswahili darasani." Nikamwambia mimi nilimkuta yeye, tena na fulana. Tulicheka mpaka Mama akatoka kuchungulia. Sikuwahi kucheka hivyo na mtu wa rika langu.

Kisha akaniuliza kwa unyonge: pale jiweni nilifanyaje?

Lilikuwa neno moja tu. Nililala. Lilikuwa tayari kwenye ulimi.

Nikafumba macho kwanza.

Halafu nikamjibu kwamba yote huanzia kwenye pumzi. Jumamosi ninamfundisha, yeye na wanakwaya wengine watatu, pale pale jiweni. Waje na vitenge.

Alishukuru sana. Akachukua ndoo yangu akaenda kunitekea maji, akapita nayo kichwani mbele ya wote waliokuwa bombani. Na sasa hivi, kupitia dirishani, nawasikia akina mama wanavyosema: ameshindwa, na bado anamtekea maji aliyemshinda! Huo ndio unyenyekevu! Sista akisikia!

Unyenyekevu?

Kesho naanza. Nitakuwa mnyenyekevu kuliko Jacqueline, na ikifika Noeli Lituhi yote iwe imeshajua.

Na wewe unayesoma hapa: habari ya ule usingizi Mama anaijua, nadhani na yule mbuzi anaijua, na sasa unaijua wewe. Ikome hapo. Nakuomba sana, usimwambie mtu.