Uso Wangu Umeuzwa, Mimi Nipo

Jumatatu, 11 Aprili. Tukuyu. Mwaka mmoja, miezi mitatu na siku nane tangu nitoke Newala.

Mvua. Nimebeba ndizi kule Kisondela tangu alfajiri, shingo imezama mabegani. Nimefunga. Jioni narudi chumbani, namkuta Hezron anacheka peke yake na simu.

Hezron ni mwenzangu wa kazi na wa chumba. Mtu wa Nkunga. Anaimba kwaya, anakoroma. Akipata nafasi anabandika magome makavu ya mgomba kwenye kadibodi mpaka yanakuwa picha. Siku zote nimemwambia anajaza uchafu ndani. Leo kaniambia picha moja imenunuliwa, na mtu wa nchi za baridi ambaye hajawahi kumwona. Nikauliza ipi. Akaonyesha ukutani.

Mimi! Nimelala juu ya lundo la ndizi, mdomo wazi, miguu peku, inzi shavuni. Ilikuwa siku ya kwanza ya mfungo, saa saba mchana! Mtu aliyefunga hana haki ya kusinzia?

Nikauliza kama imeuzwa, mbona bado iko ukutani. Akasema iliyouzwa ni ile ya mtandaoni. Nimekataa futari yake kwa hasira. Baadaye nimekula. Yalikuwa magimbi.

Jumanne, 12 Aprili.

Nimekwenda kwa Lulu wa steshenari, pale karibu na soko. Ndiye aliyeipiga picha kazi ya Hezron na kuipandisha mtandaoni. Nimemtaka anieleze polepole, mimi niliishia darasa la tano.

Kasema wanaita NFT. Ni hati. Hati hiyo imeandikwa kwenye daftari moja ambalo nakala zake ziko kwenye kompyuta maelfu, dunia nzima, kwa hiyo hakuna wa kulifuta wala kulichana ukurasa. Picha kila mtu anaweza kuitazama, hata kuiweka kwenye simu yake. Mwenyewe ni mmoja tu. Kasema siku hizi wachoraji wakubwa huko nje wanauza hivyo, wala hawashiki tena turubai.

Nikasema kwetu Newala mtu akinunua kinyago anaondoka nacho kwapani. Lulu kasema ndiyo maana wachongaji wa kwetu bado wanatembea kwa miguu. Wateja wakacheka. Binti mdogo vile, na mdomo ule!

Nikauliza: katika hiyo hati, jina la aliyelala limeandikwa? Kaangalia. Halimo. Limeandikwa la Hezron tu.

Sijalala vizuri. Hezron kakoroma kama mwenye hati.

Alhamisi, 14 Aprili.

Nimekwenda kwa mtendaji, Bwana Jotham, kushtaki. Nimesema uso wangu umeuzwa bila idhini. Kaniangalia sana. Kauliza kama uso huo ninao hapo nilipo. Nikasema ninao. Kasema basi mali haijapotea, niende nayo taratibu, barabara ina utelezi.

Watu wa ofisi hawajui sanaa.

Jioni mke wangu Saada kapiga simu kutoka Newala. Idd iliyopita sikwenda, Idd Kubwa sikwenda. Kasema nisipokuwepo Idd hii, anafunga nyumba na kuwapeleka watoto kwa baba yake Masasi, na nisimfuate kule na maneno yangu. Nikamwambia kuna jambo la kimataifa linanihusu. Kauliza jambo hilo lina nauli? Nikasema mtandao unasumbua.

Ijumaa, 15 Aprili. Ijumaa Kuu ya wenzetu.

Makubwa! Hezron kaeleza sharti la mnunuzi. Malipo yamekuja robo tu. Yaliyobaki yatakuja ile ya magome ikichomwa moto na moto huo upigwe video, ili duniani ibaki hiyo ya mtandaoni peke yake. Lulu kasema huko nje wengine wameshafanya, na bei ikapanda. Watachoma Jumatatu ya Pasaka.

Hezron kafunga picha kwa gazeti na nailoni, kaipachika juu ya kabati. Kasema hataifungua tena, atalia. Mwanaume mzima!

Nikawaza. Ile ya mtandaoni yeye kauza. Ile ya magome wanachoma. Sasa ikichomwa nyingine badala yake, ile yenyewe inabaki kwa nani? Kwa mwenye uso! Siku mnunuzi akigundua bado ipo, atakuja kwangu na kofia mkononi.

Kuiba ndani ya mfungo ni dhambi. Lakini huu ni uso wangu. Mtu hajiibii.

Jumamosi, 16 Aprili.

Nimetengeneza picha yangu. Si kazi ngumu kama Hezron anavyojidai. Magome yalikuwa mabichi kwa mvua, nikayakausha jikoni kwa mwenye nyumba, Bibi Tusekile. Kauliza napika nini. Nikasema dawa ya kifua. Kasema pole, mwe, akaonja ya sufuriani. Katema.

Nilikusudia kuiga tu. Lakini mkono ulikataa kunitia aibu mara ya pili. Kwa hiyo nimejifungua macho. Nimejivika viatu. Mdomo nimeufunga. Mkononi nimeweka saa. Inzi nimemtoa.

Imetoka vizuri kuliko yake. Nasema kweli.

Jumapili, 17 Aprili. Pasaka.

Hezron kaenda kanisani kuimba. Nimefungua nailoni, nimebadilisha, nimefunga vilevile na kamba ileile. Yake iko chini ya godoro langu. Amerudi na pilau la Pasaka, kaniwekea sahani kubwa ya kufuturia, kipande cha nyama kikubwa kuliko chake. Ananijua nini huyu? Au anajiona tajiri tayari?

Jumatatu, 18 Aprili.

Wamenichoma. Uani, kwenye manyunyu, kwa mafuta ya taa. Lulu kashika simu. Bibi Tusekile katoka na mwavuli, kauliza kwa nini tunamchoma Kheri na Kheri amesimama hapa, gwe, hebu oneni mambo ya watoto! Hezron kageuka ukutani, akaimba wimbo wa mazishi mpaka mwisho. Gazeti likaungua, uso ukajitokeza kidogo, ukakunjamana, ukaisha.

Nikamshika bega. Nikasema pole ndugu yangu. Moyoni ngoma!

Jumatano, 20 Aprili.

Mnunuzi ameandika. Kumbe ni mtu wa kutazama video polepole, kipande kwa kipande. Anauliza huyo mtu macho wazi aliyevaa saa ni nani. Kasema halipi chochote mpaka ichomwe ile yenyewe.

Lulu kasema yeye aliiona saa, akadhani ni moshi.

Hezron kakaa kitandani, kichwa mikononi. Ndipo akasema neno ambalo sitaki kuliandika, lakini daftari ni langu, naandika. Kasema nusu ya malipo ilikuwa yangu. Tangu mwanzo. Kasema picha ni ya uso wangu, angewezaje kula peke yake? Alitaka anishangaze: anikatie tiketi ya basi hadi Masasi, njia ya kwetu Newala, na kunifungia kanga mbili za Saada. Alishaulizia na siku ya safari. Jumatatu ijayo.

Nilikuwa nimekalia godoro.

Alhamisi, 21 Aprili.

Mpango mpya, mzuri. Nitaiona. Nitasema nimeiokota nyuma ya kabati, panya waliisogeza. Nitakuwa shujaa, tutachoma tena, nitapanda basi.

Hezron alipotoka nimeinua godoro.

Paa linavuja juu ya kitanda changu, hilo najua, nimezoea kulala upande. Sikuwaza maji yanakwenda wapi. Kadibodi imekuwa uji. Gundi imeyeyuka. Na usiku nne mfululizo nimeigandamiza kwa mgongo wa mbeba ndizi. Picha imehama! Uso wangu wote, mdomo wazi, umenata chini ya godoro, kwenye sponji. Nimesugua kwa sabuni ya mche. Aliyetoka ni inzi peke yake.

Nimegeuza godoro uso chini, nimelilalia tena. Hakuna atakayeangalia.

Ijumaa, 22 Aprili.

Jua! Mara ya kwanza wiki hii. Na jua ndilo limenimaliza. Nilipokwenda msikitini, Bibi Tusekile kaingia chumbani, kagusa godoro, kaona limelowa. Kalitoa nje kwa huruma yake, kaliegemeza kwenye ua, upande wa barabara. Uso nje.

Nimerudi nimekuta watu. Bodaboda wamesimama. Mmoja alipiga kelele: Kheri, amka, gari limekuja! Hezron yuko mbele, amekunja mikono. Nilikuwa na maelezo matatu. Hakuuliza hata moja. Alisema tu, "Kheri, siku zote hizi umelalia nauli yako."

Kisha kahamishia kitanda chake upande wa pili wa chumba. Chumba ni kidogo. Amesogea hatua mbili. Zimeniuma.

Jumapili, 24 Aprili.

Lulu alilipiga picha godoro. Kwa mzaha, anasema. Hezron kaipa jina: *Mlalaji*. Wakampelekea mnunuzi pamoja na habari nzima, wizi na mvua na vyote. Mnunuzi kachanganyikiwa kwa furaha. Kasema hii ndiyo sanaa. Ameinunua kwa bei iliyozidi ya kwanza, na anataka godoro lichomwe Jumamosi, kwa video.

Nikamsogelea Hezron. Nikamkumbusha, kwa upole, habari ya nusu. Ni uso wangu. Ni mgongo wangu uliofanya kazi! Kasema nusu imeshatoka. Imekwenda kwa mwenye godoro.

Godoro ni la Bibi Tusekile.

Leo ameleta bati mpya, anapiga vigelegele uani. Kaniita, kaniambia ndaga fijo, yaani asante sana, eti nimelala vizuri. Bibi wa miaka sabini! Hajui hata kuwasha simu! Nimemwonea wivu mpaka meno yananiuma. Anasema bati zitaanza upande wa kitanda changu.

Saada katuma ujumbe. Amefunga mizigo. Anangoja Idd, kisha Masasi.

Sasa nimetulia, nimewaza. Sokoni kuna mtu anauza godoro kuukuu, rangi ileile, unene uleule. Gundi ninayo. Magome yamekauka kwa hili jua. Jumamosi wakichoma lile, hili lenyewe litabaki kwa nani? Safari hii sitaweka saa.

Nimemjibu Saada asihame. Narudi Idd Kubwa bila kukosa, na godoro.