Kihesabu Chavua Changu

Jumatatu, 4 Machi

Wazo limenijia nikipiga mswaki. Mawazo makubwa hayachagui mahali.

Profesa wetu anataka kujua nyuki wa bondeni wanakula nini tangu mashamba yapanuliwe. Jibu limo ndani ya asali: chembe za chavua, ule unga wa maua, ndogo kuliko vumbi, zisizoonekana ila kwa hadubini. Wa kuzihesabu ni mimi. Macho yangu mekundu kama ya mlevi, na pombe sinywi.

Sasa nimegundua mtandaoni programu huria inayojihesabia chembe kwenye picha. Bure! Msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi. Yeyote ana ruhusa ya kuuchukua, kuusoma, hata kuubadilisha. Nani mwenye akili timamu anagawa kitu kama hicho?

Nimeichukua. Kazi ya mwezi inaimaliza kabla chai haijapoa. Nimeipaka rangi ya kijani, nimefuta majina ya wenyewe bila hata kuyasoma, nimeandika langu. Herufi kubwa.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwonyesha Profesa matunda ya jasho langu. Akavua miwani, akanishika bega, akasema hakujua kama nina kipaji. Wala mimi sikujua.

Maabara nzima wakapiga makofi, isipokuwa mtakwimu wetu, tunayemwita Bi Desimali. Huyu mama hajawahi kunipenda tangu nikikalie kikokotoo chake kikavunjika. Aliitazama skrini kwa muda, kisha akauliza kwa upole programu nimeiandika kwa lugha gani.

Nikamjibu, "Kiswahili."

Watu wakacheka, wakidhani ni mzaha. Mungu hamtupi mja wake.

Jumatano, 6 Machi

Balaa. Programu inahesabu viputo vya hewa kuwa chavua. Kwa mujibu wa kazi yangu, nyuki wa bondeni wanakula upepo.

Ijumaa Profesa atakutana na wakulima na wafuga nyuki, waamue kama maua ya porini yaachwe kingoni mwa mashamba au yafyekwe. Mizinga mingi imeshakuwa mitupu. Akaniambia, "Uliyeitunga ni wewe, utakayeirekebisha ni wewe. Watu wale wananitegemea."

Nimeufungua msimbo. Sasa naelewa mbuzi anavyojisikia akipigiwa gitaa.

Mke wangu kashauri niwaulize wenye programu. Nikamwambia mwizi haendi kuuliza njia kwa mwenye nyumba. Akanijibu kwamba nyumba yenyewe haina hata mlango.

Nimewaandikia kwenye baraza lao la mtandaoni. Kwa jina la siri: Mtafiti Mashuhuri.

Alhamisi, 7 Machi

Sijawahi kuona watu kama hawa. Mmoja wao, anayechunguza damu kwa programu hiyo hiyo, aliomba picha zangu. Mwingine, anayechunguza matope ya ziwa, akaona kosa lilipo. Mstaafu mmoja, mtaalamu wa mimea, akalirekebisha. Wa nne akaikagua kazi yake, akamkosoa, naye akashukuru! Ofisini kwetu ukimkosoa mtu mnanuniana mpaka mmoja ahamishwe.

Hawajuani kwa sura. Hawalipwi. Hata jina langu la kweli hawakuuliza. Kufika mchana viputo vimekwisha, si kwangu tu, bali kwa kila anayeitumia programu hiyo popote alipo. Macho yakalowa. Nikasingizia vumbi.

Kisha nikasoma jina la yule aliyekagua, nikalitambua. Bi Desimali.

Nikageuka polepole. Yuko mezani kwake, anakunywa maji.

"Viputo vimetoka, Mtafiti Mashuhuri?"

Nikataka kukana. Nikaifunika skrini kwa kiganja.

"Kuchukua hatumkatazi mtu, kaka yangu," akasema. "Paka hata rangi ya waridi. Tunachoomba ni usiwafute waliotangulia."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ningepata cha kulalamikia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimerudisha majina yote, nikamweleza Profesa ukweli. Akanitazama kama chembe asiyoitambua. Baadaye, mbele ya ukumbi uliojaa, akayasoma majina yale moja moja, taratibu, kama anawaita wageni wa heshima mezani.

Hesabu ilitoka safi: karibu chakula chote cha nyuki kinatoka kwenye maua yale ya kingoni. Mfuga nyuki mmoja akasogea hadi ukutani, akaitazama picha ya chembe iliyokuzwa ikawa kubwa kama nazi. Akasema, "Kumbe ndicho wanachokifuata." Wakulima wakakubali. Kingo hazifyekwi.

Jina la mwisho kusomwa lilikuwa langu. Bi Desimali ndiye aliyeliingiza, kama jina la aliyegundua kosa la viputo. Wema wa namna ile unaumiza kuliko kofi.

Jumamosi, 9 Machi

Nimetafakari sana. Jina langu limo milele kwenye programu inayotumiwa na wanasayansi wa dunia nzima, na nilichofanya ni kukuta kosa moja tu. Kumbe huu ndio mlango wa utukufu!

Jumatatu naanza na programu huria nyingine, ya kupima mvua. Bila shaka ina kosa mahali. Likikosekana, nitalitia mwenyewe, kisha niwe wa kwanza kuliona.