Mafuta ya Alizeti kwenye Miwani ya Kuzamia

Jumatano, 31 Julai 2024

Devotha wa sauti ya kwanza amesema atanijibu kisiwani. Kwaya yetu inakwenda Mafia kupumzika sikukuu ya Nane Nane, na huko ndiko nitaambiwa kama mjomba Filemoni aende kwao Kalenga kupeleka posa yangu. Devotha anaogopa maji. Nikamwambia asihofu, kutazama samaki kwa miwani na mrija nimekufanya miaka. Miaka! Sijawahi hata kuiona bahari. Lakini bahari ni maji tu, na maji nayajua.

Jumamosi, 3 Agosti

Mazoezi, nyuma ya nyumba, hapa Ipogolo. Kichwa ndani ya pipa la maji, mrija mdomoni. Saa moja asubuhi, baridi ya kukata masikio. Nimekaa sekunde arobaini! Mama akaniuliza nimepoteza nini humo. Mama haelewi utaalamu.

Alhamisi, 8 Agosti

Mwalimu wa kisiwani katuambia tuteme mate ndani ya miwani, tusugue, tusuuze, kioo kisishike ukungu. Aka! Mimi, mzee wa kanisa, nijitemee mate usoni? Adrian wa besi akatema bila aibu, tena akauliza kama yametosha. Mshamba huyo. Mimi nilikuja na chupa yangu ya alizeti. Kwetu baridi ikipasua midomo tunapaka mafuta, basi kioo kitashindwaje? Nikapaka pande zote mbili.

Majini sikuona kitu. Weupe mtupu, utadhani asubuhi ya ukungu kule Mufindi. Sikutetereka. Nikapapasa, nikaupata mkono wa Devotha, nikauongoza, huku namwonyesha samaki kwa kidole, upande wowote tu. Mkono ukanibana kwa nguvu, dakika kumi nzima. Jibu ndilo hilo!

Nikasimama, maji ya kiunoni, nikavua miwani ili nimshukuru. Lo! Mchungaji wetu, Isakwisa. Akasema alidhani nazama, muda wote alikuwa ananiombea. Devotha alikuwa kule mbele na Adrian, wanamtazama kasa.

Jumapili, 11 Agosti

Tumerudi. Devotha kanijibu ndani ya basi. Amesema hawezi kuolewa na mtu asiyeambilika. Mjomba asihangaike, maana mshenga wa Adrian anakwenda Kalenga Jumamosi. Imeniuma, sifichi. Nimelia kuanzia Mikumi hadi Ilula, nikasingizia chumvi ya bahari.

Nyumbani nimekaa chini, nimelitafakari kosa langu kiutu uzima. Nimeligundua. Mafuta yalikuwa machache.

Jumamosi namtangulia huyo mshenga, nikaongee na baba yake Devotha mwenyewe. Naenda kwa pikipiki ya jirani yangu Ezron. Ezron ameniomba nijifunze kwanza kuendesha. Nijifunze nini? Baiskeli si naijua! Kofia ameshanipa. Kioo chake cha usoni nimekipaka alizeti mara tatu, vumbi la njiani lisishike.